Ujumbe wa hitilafu unatokea waziwazi, lakini karani haoni. Kosa liko wapi?

#1 Fundi wa Shangani
Wakuu, habari za jioni. Ninaomba mawazo yenu juu ya jambo ambalo limeninyima usingizi tangu wiki iliyopita.

Nimekitengenezea chama kimoja cha msingi huku Mtwara, ambacho sitakitaja, programu ya kupokelea korosho. Kazi yake si kubwa. Gunia linapandishwa kwenye mizani, karani anaandika namba ya mkulima, daraja na kilo, anabonyeza kitufe cha Hifadhi, kisha anabonyeza Chapa na kumpa mkulima stakabadhi yake. Rekodi ikikataliwa, ama kwa sababu namba ya mkulima haimo kwenye orodha ya wanachama, ama kwa sababu mtandao umekatika, ujumbe mwekundu unatokea juu kulia mwa skrini na kukaa kwa sekunde tatu.

Jumanne tulipima magunia 310. Jioni nilipolinganisha vishina vya stakabadhi na hifadhidata nikakuta rekodi 267 tu. Zile 43 zilikataliwa, ujumbe ulitokea mara zote 43 kwa sababu programu hutunza kumbukumbu ya kila ujumbe, na makarani wote wawili wanaapa kwamba hawakuona hata mmoja. Tulikesha tukiingiza upya kutoka kwenye vishina. Visingekuwepo, korosho za watu zingekwenda mnadani bila majina ya wenyewe.

Dai langu ni hili: ujumbe ulikuwa mdogo mno. Ninataka niufanye ujaze nusu ya skrini, uwake na kuzimika, na ulie king'ora. Mwenye hoja ya kunizuia ajitokeze.

#2 Mbanguaji
Ninayo hoja. Ukubwa hautakusaidia ikiwa jicho liko kwingine.

Mwaka 1999 watafiti wawili wa Marekani, Simons na Chabris, walichapisha jaribio ambalo watu wengi wamelisikia. Watazamaji walionyeshwa video ya vikundi viwili vya watu wanaorushiana mpira, wakaambiwa wahesabu pasi za kikundi kimoja. Katikati ya mchezo akapita mtu aliyevaa vazi la gorila, akasimama, akajipiga kifua, akaondoka zake. Karibu nusu ya watazamaji hawakumwona. Gorila mzima, ndugu yangu, katikati ya picha, naye hakuwa mdogo.

Karani wako anahesabu pasi. Macho yake yanatoka kwenye mizani, yanakwenda kwenye kadi ya mkulima, yanashuka kwenye kibodi, yanarudi kwenye mizani. Hakuna hata hatua moja ya kazi hiyo inayompeleka kwenye pembe ya juu kulia. Uweke ujumbe pale pale kwenye kisanduku cha namba ya mkulima, ambako atapitia apende asipende, na uubakize hapo mpaka kosa lisahihishwe. Sekunde tatu ni za nini? Hata zile arifa fupi za simu za Android ambazo watengenezaji huziita tosti hukaa sekunde 2 au 3.5, na zilikusudiwa habari nyepesi ambazo mtu akizikosa hapati hasara.

#3 Mzee wa Mikindani
Daftari langu la mwaka 1978 halikuwahi kukataa gunia hata moja, wala halikunipa tosti bila chai.

#4 Mama Nachingwea
Shikamoo Mzee, ila daftari lako lilikuwa likikubali hata gunia ambalo halikuwepo, na hilo sote tunalijua.

Nimekuwa karani wa ghala kwa misimu sita, ya korosho na ya ufuta, na ninaomba niseme ambalo makarani wa Fundi hawatathubutu kumwambia usoni. Inawezekana kabisa kwamba waliuona. Mimi nilikuwa nikiuona. Programu tuliyokuwa nayo ilikuwa ikiandika "Hitilafu 422", na chini yake maneno ya Kiingereza yaliyojaa mabano. Mara ya kwanza nilimwita kijana wa kompyuta, akaja baada ya saa mbili, akabonyeza kitu, akaondoka bila kueleza. Mara ya pili nilimwita, simu haikupokelewa. Mara ya tatu kulikuwa na foleni iliyoanza tangu alfajiri, wazee kwa akina mama, kila mmoja na magunia yake juani, na mwenyekiti wa chama amesimama nyuma yangu akiuliza mbona tunachelewa. Nikabonyeza kitufe cha kufunga ule ujumbe na kuendelea. Kuanzia siku hiyo mkono wangu ulijifunza kuufunga kabla macho hayajausoma, na baada ya wiki moja ungeniuliza kama nimeuona ningekuapia kwamba sijauona, na ningekuwa ninasema kweli.

Kwa hiyo ndugu Mbanguaji, gorila wako alionekana. Ila alikuwa akisema lugha ambayo hatuielewi, na hakuna aliyetufundisha la kufanya tukimwona.

#5 Rangi Tatu
Nakubaliana na Mama, lakini msisahau jambo la msingi zaidi: ujumbe ni mwekundu. Mwanaume mmoja kati ya kumi na wawili hatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, inakataza taarifa kubebwa na rangi peke yake, na inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1. Fundi, maandishi yako ni ya rangi gani juu ya rangi gani?

#6 Fundi wa Shangani
Meupe juu ya wekundu hafifu. Nilipenda yasimtishe mtu.

#7 Rangi Tatu
Umefanikiwa. Hayakumtisha mtu.

#8 Daktari wa Macho Mtarajiwa
Marekebisho madogo kwa bandiko la 5. Ile hesabu ya mmoja kati ya kumi na wawili ni ya wanaume wenye asili ya Ulaya ya kaskazini. Kwa watu wenye asili ya Afrika kiwango huwa cha chini kuliko hicho, na kwa wanawake wa kokote ni kidogo zaidi. Kanuni ya kutotegemea rangi peke yake inabaki kuwa sahihi, lakini ghalani ningeanza na jua kabla ya upofu wa rangi. Skrini ikielekea mlango ulio wazi saa sita mchana, wekundu hafifu na weupe vyote huwa kijivu, na hapo mwenye macho mazima na asiye nayo wako sawa.

#9 Muuguzi wa Zamu
Naomba nizungumzie king'ora, kwa sababu Fundi amekitaja kana kwamba ndicho dawa.

Nimefanya kazi katika wodi yenye mashine za kufuatilia mapigo ya moyo na hewa ya mgonjwa. Kila mashine hulia. Hulia mgonjwa anapogeuka, kamba inapolegea kidoleni, betri inapopungua, na hulia pia mgonjwa anapokuwa hatarini kweli, kwa sauti ambayo haitofautiani sana na zile nyingine. Siku za kwanza nilikuwa nikikimbia kila mara. Mwezi wa pili nilikuwa nikimalizia ninachoandika kwanza. Wahenga walishasema kwamba kelele za mlango hazimnyimi mwenye nyumba usingizi, na mlango wenyewe hauna habari kwamba leo anayeusukuma ni mwizi. Tatizo hili halikuwa letu peke yetu: nchini Marekani taasisi kubwa inayotoa ithibati kwa hospitali iliingiza usimamizi wa kengele za mashine katika malengo yake ya usalama wa wagonjwa mwaka 2014, baada ya kuonekana kwamba wahudumu huzizoea, huzipunguza sauti au huzizima.

Swali langu kwa Fundi ni moja. Programu yako hutoa ujumbe wa aina ngapi kwa siku, na ni mingapi kati ya hiyo inayomtaka karani afanye kitu?

#10 Fundi wa Shangani
Dada, swali lako limenifungua macho kwa namna ambayo sikuipenda. Nimekwenda kuhesabu.

Kila rekodi ikihifadhiwa salama hutokea ujumbe wa kijani usemao "Imehifadhiwa". Hutokea juu kulia, pale pale, kwa umbo lile lile, kwa sekunde tatu zile zile. Siku ile ya Jumanne makarani walioneshwa ujumbe wa kijani mara 267 na mwekundu mara 43, na kati yake ujumbe wa "Mtandao umerudi", "Printa iko tayari" na "Karibu tena", ambao niliuweka mimi mwenyewe kwa ajili ya adabu. Niliwafundisha kutwa nzima kwamba kinachotokea kwenye pembe ile hakiwahusu.

Hata hivyo siachani na king'ora bado. Ghalani kuna makuli wanaopiga kelele, kuna lori linalonguruma mlangoni, na karani anaweza kuwa ameinamia mizani. Sauti ndiyo pekee inayomfikia mtu asiyetazama.

#11 Mhandisi wa Msimbati
Ndugu Fundi, sauti humfikia mtu, lakini zikizidi hazimwambii kitu. Sisi wa mitambo tunafundishwa habari za kituo cha nyuklia cha Three Mile Island, Pennsylvania, tarehe 28 Machi 1979. Katika dakika za mwanzo za ajali ile kengele na taa zaidi ya 100 ziliamka kwa pamoja, na mashine iliyokuwa ikichapa orodha ya kengele ikabaki nyuma sana ya mambo yenyewe. Chanzo kimojawapo kilikuwa vali ya kupunguzia shinikizo, ambayo ilifunguka na haikufunga, wakati taa ya ubaoni ilikuwa mbovu na kuonyesha kwamba imefunga.

#12 Mbanguaji
Taa haikuwa mbovu, mkuu, na hapo ndipo penye somo linalomhusu Fundi kuliko zile kengele 100. Taa ilifanya kazi sawasawa na ilivyounganishwa: ilionyesha kwamba amri ya kufunga vali imetumwa, haikuonyesha kwamba vali imefunga. Waendeshaji walisoma "imetumwa" kama "imefunga", na maji ya kupoozea yakaendelea kutoka kwa zaidi ya saa mbili.

Sasa mwulizeni Fundi ujumbe wake wa kijani usemao "Imehifadhiwa" hutokea wakati gani. Hutokea rekodi inapofika kwenye seva, yaani kompyuta kuu inayotunza rekodi zote, au inapoondoka kwenye kompyuta ya karani?

#13 Mhandisi wa Msimbati
Nimesahihishwa, na asante.

#14 Fundi wa Shangani
Hutokea seva inapojibu. Hapo niko salama. Lakini kitufe cha Chapa hakingoji jibu lolote, kinachapa kilichoandikwa kwenye skrini. Kwa hiyo stakabadhi ndiyo taa yenyewe: mkulima anaondoka na karatasi isemayo kilo 81 zimepokelewa, wakati ambapo seva haijasikia habari zake.

#15 Mwera Halisi
Nimekuwa nikisoma kimya kimya nikiwa Lindi, nikishangaa jinsi ndugu zetu wa Mtwara wanavyoweza kuandika mabandiko kumi na manne juu ya gunia la korosho bila kutaja ufuta hata kidogo, ukimwondoa Mama Nachingwea ambaye ni wetu.

Mimi ninasema mnakosea kwa kuitafutia dawa moja hali ambazo ni tofauti. Tazameni Mamlaka ya Hali ya Hewa wanavyofanya. Wana angalizo, wana tahadhari, wana tahadhari kubwa, na kila ngazi ina rangi yake: njano, chungwa na nyekundu. Mvuvi wa Kilwa Masoko anajua kwamba kwa angalizo anatazama mbingu kwanza, na kwa tahadhari kubwa anavuta mtumbwi juu. Fundi ana ngazi moja tu, na ndani yake ametia "Karibu tena" pamoja na "Gunia la mtu limepotea".

#16 Muuguzi wa Zamu
Ngazi ni nzuri, lakini hazimalizi tatizo la kuzoea. Mwezi wa Aprili 2019 tulionywa juu ya kimbunga Kenneth. Hapa Mtwara tulijiandaa, shughuli zikasimama, kisha kikatua Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma. Onyo lilikuwa sahihi, kwa sababu kimbunga kilikuwepo na kilitua karibu, lakini jirani zangu walibaki na kumbukumbu moja tu, kwamba tuliambiwa na hakikuja. Mei 2024 kilipotangazwa Hidaya, nyumbani kwangu walisema huyu naye atakwenda Msumbiji. Nanyi mnakumbuka barabara ya Dar es Salaam kule Somanga ilivyokuwa.

#17 Mwera Halisi
Dada, Kenneth hakuwa ujumbe wa uongo. Msimfananishe na "Printa iko tayari".

#18 Muuguzi wa Zamu
Sikusema ni wa uongo. Nimesema aliyeupokea aliuhesabu hivyo, na anayetengeneza onyo hana budi kumhesabia huyo pia.

#19 Msimamizi wa Seva
Wote mnaongea juu ya namna ya kumwonyesha mtu kosa. Mimi ninauliza kwa nini kosa lifike hatua ya kuonyeshwa.

Ile namba ya mkulima ambayo haimo kwenye orodha, kwa kawaida ni namba sahihi iliyoandikwa vibaya, tarakimu moja imekosewa au mbili zimepishana. Dawa yake ina zaidi ya miaka sitini. Hans Peter Luhn wa IBM alibuni hesabu ya tarakimu ya ukaguzi, akapewa hataza mwaka 1960, na hadi leo namba za kadi za benki hukaguliwa kwa njia hiyo. Tarakimu ya mwisho ya namba hupatikana kwa kukokotoa zile zilizotangulia, hivyo karani akikosea tarakimu yoyote moja, au akipishanisha mbili zinazofuatana, kisanduku chenyewe kinajua papo hapo kabla ya kwenda kwenye seva. Na mtandao ukikatika, rekodi ihifadhiwe kwanza kwenye kompyuta ya ghalani, itumwe baadaye. Ukifanya hayo mawili, kati ya ujumbe wako 43 sidhani kama itabaki mitano.

#20 Rangi Tatu
Hoja nzuri, ila hesabu ya Luhn haikamati mapishano yote. 09 ikigeuka kuwa 90, au 90 ikawa 09, inapita. Na wanachama ambao tayari wana kadi zenye namba za zamani zisizo na tarakimu ya ukaguzi, utawachapishia kadi mpya wote katikati ya msimu?

#21 Msimamizi wa Seva
Nakubali yote mawili. La kadi ndilo gumu.

#22 Mama Nachingwea
Naomba pia mseme ukweli juu ya hilo la kuhifadhi kwenye kompyuta ya ghalani. Ujumbe uandike "Imehifadhiwa hapa, haijafika makao makuu", na pawe na mahali ambapo karani anaona ni ngapi zinazosubiri. La sivyo tumerudi kwenye taa ya Mhandisi. Na siku kompyuta hiyo itakapoibwa, atakayekwenda polisi ni karani.

#23 Mhandisi wa Msimbati
Kuna mfano mwingine unaounga mkono bandiko la 4 la Mama, na ninauleta kwa sababu nimeona baadhi yenu mnaliweka kando kama malalamiko ya kazini. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25, iliyotumika Marekani na Kanada, iliwaunguza wagonjwa katika matukio sita yanayojulikana, na baadhi yao walifariki. Katika hospitali moja ya Texas mashine ilipokosea iliandika "Malfunction 54", yaani hitilafu namba 54, bila kueleza ni hitilafu gani. Kitabu cha maelekezo hakikueleza maana yake. Mwendeshaji alikuwa amezoea mashine kusimama simama kwa sababu ndogo ndogo, na ilikuwa ikimruhusu kuendelea kwa kubonyeza herufi moja tu. Akabonyeza. Ujumbe ulionekana vizuri kabisa kwenye skrini, haukutoweka baada ya sekunde tatu.

Kwa hiyo kuonekana si kila kitu, na ndugu Mbanguaji anaweza kumpumzisha gorila wake.

#24 Mbanguaji
Gorila hapumziki. Kwenye Therac mtu alikuwa ameketi mbele ya skrini, hana kazi nyingine ya macho. Ghalani skrini ni ya tatu kwa umuhimu baada ya mizani na kadi. Hizi ni hali mbili, na dawa ya moja haiponyi nyingine.

#25 Mzee wa Mikindani
Nimewasoma wote kwa makini, na miwani yangu ni ya kuazima. Swali la mtu asiyejua kompyuta: je, Fundi amewahi kukaa ghalani akaangalia hao makarani wanavyofanya kazi, au amekaa Shangani na feni akawawazia?

#26 Fundi wa Shangani
Mzee wangu, hilo limenipata penyewe. Nilikuwa nimekwenda kufunga programu na kufundisha, sikuwahi kukaa kutwa. Jumamosi nimekaa, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa kumi na moja, na ninaleta niliyoyaona, kwa sababu hakuna kati yetu aliyeyakisia yote.

Kwanza, skrini imegeuzwa. Karani ameizungusha hadi imempa ubavu, kwa sababu jua la mlangoni lilikuwa linaipiga, kama alivyosema Daktari. Anaisoma kwa shingo, na anaona nusu ya kushoto tu. Pembe ya juu kulia inatazama ukuta. Ningeweka king'ora, moto na ngoma ya sindimba kwenye pembe ile, vingeonwa na ukuta tu.

Pili, karani haangalii skrini anapoandika. Mkulima anamtajia namba kwa mdomo, yeye anaandika akiwa ameangalia mizani ili asidanganywe kwa kilo. Kubonyeza Hifadhi na Chapa kumekuwa kitendo kimoja cha vidole viwili, tap-tap, kama mtu anayepiga zumari.

Tatu, na hili lilinishangaza, kuna mtu mmoja pale ambaye hapepesi macho, anatazama kila kinachotokea na anauliza kila kitu. Huyo ni mkulima. Mzigo ni wake. Ameamka saa tisa usiku kuuleta, na haondoki mpaka karatasi iwe mkononi.

Kwa hiyo nimeacha habari ya kumwonyesha karani. Nimeunganisha stakabadhi na jibu: karatasi haitoki mpaka rekodi iwe imekubaliwa. Kitufe cha Chapa nimekiondoa. Rekodi ikikataliwa, kisanduku chenye kosa kinabaki wazi, kilichoandikwa hakifutiki, na ndani yake kuna sentensi moja ya Kiswahili: "Namba 20417 haipo kwenye orodha ya wanachama. Kagua kadi." Ujumbe wa kijani nimeufuta, na "Karibu tena" nimeizika. Karani akisahau kutazama, mkulima atamwuliza: karatasi yangu iko wapi?

#27 Muuguzi wa Zamu
Hii nimeipenda kuliko king'ora. Ukimya wa printa ndio kengele, na ni wa nadra, kwa hiyo hauzoeleki.

#28 Msimamizi wa Seva
Sifa ni zako, ila bado nasema uliyemweka kulinda mlango ni mkulima, ambaye hakulipwa kwa kazi hiyo. Mkulima mzee asiyesoma akipewa karatasi ya jirani yake ataondoka nayo.

#29 Rangi Tatu
Na mtandao ukikatika kwa saa tatu? Foleni nzima itasimama kungoja karatasi, na Mama Nachingwea ameshatuambia mwenyekiti akisimama nyuma ya karani hutokea nini.

#30 Mama Nachingwea
Karani ataandika stakabadhi kwa mkono. Ndiyo kawaida. Kitabu cha zamani kiko chini ya meza katika kila ghala nililowahi kufanya kazi.

#31 Mzee wa Mikindani
Nilisema mimi.

#32 Fundi wa Shangani
Wakuu, ninarudi na taarifa ya siku nne. Rekodi zilizopotea: hakuna. Wakulima wamewarudisha makarani kwenye skrini mara kumi na moja, na kila mara kosa lilikuwa la kweli.

Lakini kuna jambo jipya. Printa ikiishiwa karatasi nayo hukaa kimya. Jana mchana roli iliisha, mkulima akauliza karatasi yake, karani akadhani rekodi imekataliwa kama alivyofundishwa, akaandika upya na kubonyeza Hifadhi tena. Roli mpya ilipowekwa zikatoka stakabadhi mbili, na nimekuta gunia moja la kilo 81 limeandikwa mara mbili. Ninatafuta namna ya kutofautisha ukimya wa kukataliwa na ukimya wa roli iliyokwisha, na ninafikiria kila upimaji upewe namba yake ili seva iukatae ule wa pili.

#33 Mbanguaji
Namba ya upimaji ni lazima, ifanye leo. Lakini niambie, huyo mkulima mwenye macho yasiyopepesa, alipopewa stakabadhi mbili za gunia moja, hakusema kitu?

#34 Fundi wa Shangani
Huyo hakusema kitu.